Kumbukumbu zilifutwa, Kiswahili kikabaki: Kosa la nani?

Likizo iliyopita mjukuu wangu wa miaka 14 alinitembelea mashambani akiwa na daftari kwapani. Nikadhani ni kazi ya shule. Kumbe! Kijana alikuwa ameorodhesha makosa 11 aliyoyaona katika kipindi kimoja cha runinga cha zamani, kilichotengenezwa kabla baba yake hajazaliwa. "Kuka, hii stori iko na mashimo mob," akaniambia, huku akifungua daftari kwa fahari ya wakili mwenye ushahidi mkononi. "Kuka" ni babu kwa Kibukusu. Neno hilo nitalirudia mwishoni mwa makala haya.

Kipindi chenyewe kinaitwa "The Changeling", cha msimu wa pili wa mfululizo wa Star Trek, kilichoonyeshwa nchini Marekani kwa mara ya kwanza mnamo Septemba 29, 1967. Kiliandikwa na John Meredyth Lucas na kuelekezwa na Marc Daniels. Tulikitazama pamoja, babu na mjukuu, na tangu siku hiyo kimekataa kunitoka akilini. Hoja yangu leo ni kwamba kosa ambalo mjukuu wangu aliliona kubwa kuliko yote huenda si kosa hata kidogo, na kwamba lipo kosa jingine, bayana kama jua la adhuhuri, ambalo hakuliandika. Mimi mwenyewe nusura nilipite.

Hebu kwanza tukisimulie kisa kwa ufupi. Meli ya anga iitwayo Enterprise inakutana na chombo kidogo kiitwacho Nomad, kilichorushwa kutoka duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenda kutafuta uhai angani. Huko kiligongwa, kikaharibika, kisha kikaungana na chombo cha viumbe wengine kilichoitwa Tan Ru. Kazi ya Tan Ru ilikuwa kuchukua sampuli za udongo na kuua vijidudu vilivyomo. Malengo mawili yakachanganyika yakazaa lengo la tatu la kutisha: tafuta uhai, na kila usiokuwa mkamilifu, uangamize. Nomad imekwisha kuua mabilioni ya viumbe. Enterprise inaponea chupuchupu kwa sababu mashine hiyo inalisikia jina la Nahodha Kirk na kumdhania kuwa ni Roykirk, mwanasayansi aliyeiunda.

Ndani ya meli, Nomad inamsikia Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano, akiimba. Haielewi kuimba ni nini. Inamwendea, inamchunguza akili, na katika kumchunguza inafuta kila alichokijua. Mhandisi Scott anapojaribu kumwokoa mwenzake, anauawa. Nomad inamfufua Scott baada ya muda mfupi, lakini Uhura haiwezi kumrudishia alichopoteza. Kwa bahati ubongo wake ni mzima, kwa hiyo inaamuliwa afundishwe upya kama mtoto wa chekechea.

Sasa basi, turudi kwenye daftari. Katika uhakiki tunapaswa kutenganisha aina mbili za makosa ambazo watazamaji huzichanganya. Kuna makosa ya muwala, yaani pale kisa kinapojipinga chenyewe: mhusika anavaa shati jekundu mlangoni na kuingia ndani akiwa na la buluu. Na kuna makosa ya ukweli, pale kisa kinapopingana na ulimwengu tunaoujua, kama msanii anayemwonyesha simba akila majani. Kosa la muwala hupimwa kwa kisa chenyewe. Kosa la ukweli hupimwa kwa ulimwengu. Mtu asiyetofautisha vipimo hivi viwili atamlaumu fundi wa nguo kwa kosa la mfumaji.

Mengi ya makosa ya mjukuu wangu yalikuwa ya muwala, na alikuwa na haki. Tunaambiwa shambulio la kwanza la Nomad lina nguvu sawa na makombora 90 ya Enterprise. Meli inastahimili. Kisha Kirk anajibu kwa kurusha kombora moja! Kijana aliandika pembeni: "Moja? Serious?" Tena kuna suala la Scott. Daktari McCoy anathibitisha kwamba mhandisi amekufa, naye anafufuliwa na kurudi kazini. Katika vipindi vinavyofuata hakuna anayelikumbuka jambo hilo. Kijijini kwetu mtu akifufuka, hata wajukuu wa wajukuu zake wataitwa kwa jina la tukio hilo. Angani, wapi! Wanakunywa chai na kuendelea na safari.

Makosa mengine aliyataja kuwa ya ukweli. "Kuka, 2002 au miaka hiyo hakukuwa na roboti kama hiyo." Ni kweli. Chombo ambacho binadamu amekirusha kikafika mbali zaidi ni Voyager 1, kilichoondoka mwaka 1977 na kuingia katika anga la kati ya nyota mwaka 2012, nacho hakiwezi kumuuliza mtu maana ya kuimba. Lakini hapa nilimpinga mjukuu. Mwandishi wa 1967 anayebashiri mambo ya miaka 35 mbele hakosei kama anavyokosea mwanafunzi wa historia. Bunilizi ya kisayansi si ramli. Hatuihukumu kwa kutimia kwa tarehe zake.

Ndipo tukafika kwenye kosa la kwanza katika orodha, lililopigiwa mistari miwili chini. Tunamwona Uhura ameketi na Nesi Chapel, akisoma kitabu cha watoto wanaoanza shule. Anasoma sentensi ya mbwa na mpira, neno kwa neno. Anapolifikia neno la Kiingereza la rangi ya samawati, anakwama. Analitamka kana kwamba irabu ya mwisho nayo ina sauti yake. Kisha, katika kuhangaika huko, anasema kwa Kiswahili. Nesi anamkatiza: la, si kwa Kiswahili, kwa Kiingereza.

"Sasa ona," akasema mjukuu. "Kama walifuta akili yote, Kiswahili ilitoka wapi?"

Swali zuri. Si yeye wa kwanza kuliuliza, kwani mashabiki wa mfululizo huu wamelizungumza kwa miaka mingi. Nami nilianza kumjibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu wa uzamili: tusikimbilie hukumu kabla ya kutazama ushahidi.

Ushahidi wa kwanza unatoka katika elimu ya ubongo. Mnamo 1881 mwanasaikolojia Mfaransa, Théodule Ribot, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya kumbukumbu. Alidai kwamba kumbukumbu zinapoharibika, za karibuni hutangulia kupotea, na za utotoni hudumu zaidi. Kwa mujibu wa Ribot, lugha ya kwanza ndiyo ya mwisho kuondoka. Mwaka 1895 Mfaransa mwingine, daktari Albert Pitres, akatoa rai tofauti. Kwake, mgonjwa wa lugha nyingi hurudiwa kwanza na lugha aliyokuwa akiitumia zaidi kabla ya kuugua, iwe ya mama au ya kazini. Watafiti wa baadaye, akiwemo Michel Paradis wa Kanada, walionyesha kwamba mambo ni mapana kuliko kanuni hizo mbili, na kwamba mara nyingi lugha za mgonjwa hurudi sambamba.

Uhura basi ni mtihani mzuri wa kanuni hizo. Pitres angetarajia Kiingereza kitangulie, kwani ndicho cha kazini. Ribot angetarajia Kiswahili. Mwandishi wa kipindi, ajue asijue, alisimama upande wa Ribot.

Ushahidi wa pili unatoka katika mfululizo wenyewe. Kipindi cha kwanza kabisa cha Star Trek kuonyeshwa, "The Man Trap" cha Septemba 8, 1966, kina kiumbe kinachoweza kujigeuza umbo kwa kusoma matamanio ya mtu. Kinapokutana na Uhura, kinajigeuza mwanamume mweusi mtanashati na kumsemesha kwa Kiswahili. Kiumbe hicho hakikufundishwa Kiswahili na mtu yeyote. Kilikichota ndani ya Uhura, mahali ambapo upweke wake unaishi. Ukiviweka vipindi hivi viwili kando kwa kando, unaona jambo moja likirudiwa: Kiswahili cha Uhura kiko chini zaidi ya kumbukumbu za kawaida. Kwa hiyo kinachoonekana kosa la muwala ndani ya kipindi kimoja ni muwala timamu katika mfululizo mzima. Mjukuu alikwaruza kichwa. "Sawa, lakini walisema imefutwa yote." Nikakubali. Neno "yote" ndilo lililomponza mwandishi. Angesema "takriban yote", asingeshtakiwa.

Hata ule utamkaji wa neno la rangi una jambo la kutufunza. Katika Kiswahili kila irabu iliyoandikwa hutamkwa. Mtu ambaye mazoea yake ya kusoma ni ya Kiswahili, akikutana na tahajia ya Kiingereza yenye irabu bubu mwishoni, ataitamka. Walimu wetu wa darasa la kwanza wanalishuhudia hili kila muhula. Sidai kwamba mwandishi alikusudia hivyo, ila kosa la Uhura ni la mtu mwenye mfumo mwingine kichwani, na mtu asiyejua chochote hakosei namna hiyo.

Na jina lake je? Mwigizaji wake, marehemu Nichelle Nichols, aliyefariki Julai 2022, alisimulia mara nyingi kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, ya mwaka 1962, inayohusu Kenya. Mtayarishaji Gene Roddenberry alilipenda neno hilo, na likalainishwa kuwa Uhura ili lifae mwanamke. Wanafunzi wangu huangua kicheko wakisikia hivyo. Kiswahili hakina jinsia ya kike na kiume katika nomino. Daktari ni daktari, nahodha ni nahodha. Na "uhuru" halina mume hata litafutiwe mke!

Lakini tusicheke haraka. Katika majina ya watu tuliyoyapokea kutoka Kiarabu tunao Karim na Karima, Rashid na Rashida, Jamil na Jamila. Na "huru" lenyewe ni la asili ya Kiarabu, ambako mwanamume aliye huru ni "hurr" na mwanamke ni "hurra". Hivyo waliovuruga sarufi ya Kiswahili waligusa, kwa bahati tu, mzizi wa neno. Jina "Nyota" lilikuja kuthibitishwa kwenye skrini katika filamu ya 2009, na mfululizo wa Strange New Worlds ulioanza 2022 ukamtaja waziwazi kuwa mtoto wa Kenya anayejua lugha 37. Kwa miaka mingi alikuwa Mwafrika wa mahali popote. Sasa ni wetu.

Kufikia hapo nilikuwa nimejishindia mjadala. Mjukuu alishika kalamu ili aifute ile namba moja. Na hapo ndipo nilipoirudisha picha nyuma kidogo tuitazame tena, nikasikia nilichokuwa nimekipita: sauti ya nesi ikisema si kwa Kiswahili.

Wasomaji wangu, fikirini. Hapa pana mwanamke aliyepoteza kila kitu. Kilichobaki ni lugha moja. Mwalimu mwenye busara angefanya nini? Angeanzia hapo hapo. Angetumia lugha iliyobaki kama kamba ya kumvutia mtu kutoka kisimani. UNESCO ilikwisha kusema hivyo katika ripoti yake ya 1953 kuhusu lugha za wenyeji katika elimu: mtoto afundishwe kwanza kwa lugha anayoijua. Miaka 14 baadaye, ndani ya meli ya karne ya 23, mwalimu anaikata kamba hiyo na kumwambia mwanafunzi apande. Na kipindi hakioni tatizo. Mwishoni Daktari McCoy anatangaza kwa furaha kwamba Uhura amefika kiwango cha chuo kikuu na atarudi kazini katika muda wa wiki moja. Kiwango cha chuo kikuu kwa lugha gani? Hakuna anayeuliza. Kile Kiswahili hakitajwi tena.

Hili ndilo kosa la kipindi hiki kwa maoni yangu. Si la muwala wala si la sayansi. Ni kosa la kudhani kwamba kuelimika ni kuhama lugha. Na watu wa Hollywood hawakuwa peke yao. Mwaka huo huo wa 1967, wakati Tanzania ikitangaza kwamba shughuli za serikali zifanywe kwa Kiswahili, katika Bunge letu la Kenya mbunge hakuruhusiwa kuchangia kwa Kiswahili. Tulisubiri hadi 1974. Na ulipofika wakati wa kupeleka sauti zetu angani kwelikweli, mwaka 1977, sahani ya dhahabu iliyofungwa katika vyombo vya Voyager ilibeba salamu za lugha 55. Kiganda kimo. Kisotho kimo. Kinyanja kimo. Kiswahili hakimo. Angani Kiswahili kilisemwa na Uhura wa kubuni, chombo halisi kikakiacha nyumbani.

Nami siwezi kumnyooshea Nesi Chapel kidole nikajisahau. Nilipokuwa shule ya msingi tulivishwa kibao shingoni tukipatikana tukisema lugha ya mama. Nimekivaa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ungedhani mtu aliyepitia hayo angewaepushia wanawe. Wapi! Nilipokuwa mhadhiri kijana, mchana nilikuwa nikifundisha isimu ya Kiswahili na kulaani kasumba za kikoloni hadi chaki inaisha. Jioni nikifika nyumbani, wanangu wakinisalimia kwa Kibukusu walichofundishwa na nyanya yao, nawaambia waseme Kiingereza, wasije wakachekwa shuleni. Sikuwavisha kibao. Sikuhitaji. Sauti ya baba ilitosha.

Kuna kejeli katika hili. Nomad inashindwaje? Kirk anaithibitishia kwamba imekosea. Ilimdhania kuwa muumba wake, haikuligundua kosa hilo, na haikujiadhibu kwa sheria yake yenyewe. Makosa matatu. Mashine iliyozunguka anga ikiua kila chenye dosari haikuwahi kujitazama. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Sisi walimu wa lugha, wenye kalamu nyekundu na orodha za "ndivyo sivyo", tuna hatari ya kuwa Nomad wadogo. Tunasahihisha Sheng ya watoto, tunasahihisha watangazaji, tunasahihisha mabango barabarani. Ni kazi halali, sitaiacha. Lakini ni vyema mara moja moja tukague nyumba zetu wenyewe.

Mjukuu wangu alisikiliza yote haya kimya. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Kuka, na mimi wakinifuta, itabaki lugha gani?"

Nilitaka kumjibu haraka, nikakosa la kusema. Kiingereza chake ni kizuri, lakini ni cha shuleni. Sheng yake ni ya mtaani na marafiki. Kiswahili anakijua kama somo la mtihani. Kibukusu anajua neno moja tu, lile analoniitia.

"Labda 'Kuka'," nikamwambia hatimaye.

Akacheka, nami nikacheka, ingawa si kwa sababu moja. Kisha tukalifungua daftari. Namba moja hatukuifuta. Tuliiacha, tukaandika mbele yake kwamba kosa si la Uhura. Namba 12 tukaongeza maneno ya nesi. Na ukurasa uliofuata, uliokuwa mweupe, tukaandika maneno 10 ya Kibukusu, tukianza na nyota, mbwa na mpira. La mpira lilinipiga chenga. Ilibidi nimpigie dada yangu simu aniambie.